Uzi wa mafundi tovuti wa Tanga: hela ya mafungu tunaiwekezaje?

Mgosi_wa_Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wagosi, dada zetu, wakubwa shikamooni.

Vijana wengi wamekuwa wakinifuata inboksi na maswali mawili yaliyofungwa pamoja: nijifunze nini kwenye utengenezaji wa tovuti, na nikishalipwa hela niiweke wapi. Nimeona nijibu hapa ili nisirudie, na wenye kujua zaidi yangu wachangie.

Tuanze na aina ya hela tunayoipata, hela ya mafungu: inakuja kwa fungu, si kila mwezi. Mwenye mshahara ana tarehe, sisi tuna msimu. Mwezi huu mwenye lodge ya Raskazone kakulipa laki sita, mwezi ujao simu haiiti kabisa, mwezi wa tatu shule ya binafsi inataka tovuti jana na leo. Ushauri mwingi wa fedha unaozunguka mtandaoni, ule wa kutenga asilimia kadhaa kila mwisho wa mwezi, umeandikiwa mtu mwenye tarehe. Ukiubeba ulivyo utaweka mwezi wa kwanza, utatoa mwezi wa tatu, halafu utaanza kusema kuwekeza ni mambo ya matajiri.

Msimamo wangu ni huu: kabla hujauliza ununue hisa gani, geuza sehemu ya kipato chako iingie kila mwezi. Fundi seremala akishakabidhi kabati kamaliza. Tovuti haimalizwi. Domeni (jina la tovuti mtandaoni) inalipiwa kila mwaka, hostingi (mahali tovuti inapohifadhiwa) inalipiwa, programu za ndani zinataka kusasishwa, picha zinabadilika, bei zinabadilika. Kazi hiyo yote ipo, ila wengi wetu tunaifanya bure kwa sababu mteja "ni mtu wetu". Itoze. Mimi natoza matunzo elfu thelathini kwa mwezi kwa tovuti ndogo. Wateja kumi wa namna hiyo ni laki tatu inayoingia hata kama mwezi mzima hujapata kazi mpya. Hapo ndipo neno kuwekeza linaanza kuwa na maana kwako.

Jambo la pili: hela ya domeni na hostingi ya mteja si yako. Akikulipa laki nne na ndani yake kuna gharama za mwaka mzima za seva, zitoe siku hiyohiyo uziweke pembeni, laini nyingine au akaunti nyingine. Hostingi nyingi bei zake ni za dola, na dola haina adabu. Mwaka 2024 ilifika kama shilingi 2,700, mwishoni mwa mwaka huohuo ikashuka. Aliyepanga bei kwa dola ya chini aliumia wakati wa kulipia. Weka akiba kidogo juu ya bei ya leo.

Nitaendelea jioni na mifuko ya UTT (ya uwekezaji wa pamoja), hatifungani (unamkopesha mtoaji kwa riba) na hisa. Maswali yaanze.

---

samaki_deepsea

Nimeweka kambi hapa. Chai yangu hii.

---

Kange_Stendi

Mgosi, nadharia tamu. Ila Tanga hii? Huku mtu anataka tovuti kwa elfu hamsini, na juu yake umfungulie akaunti ya Instagram. Umwambie kila mwezi elfu thelathini, atakuuliza kwani tovuti inakula?

---

Mgosi_wa_Chumbageni

@Kange_Stendi hahaha, inakula ndiyo. Lakini hoja yako ni ya kweli na jibu lake ni la kiufundi. Mteja halipi asichokiona. Ukikaa kimya miezi mitatu, hata ukiwa umefanya bakapu (nakala ya akiba) kila wiki, kwake hujafanya kitu.

Nifanyavyo mimi: kila ukurasa unawekewa kitufe cha WhatsApp kwa linki ya wa.me, namba ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Ndani ya linki unaweza kuweka ujumbe ulioandikwa tayari, mfano "Habari, nimeona chumba cha familia kwenye tovuti yenu". Mwenye lodge akipokea ujumbe unaoanza hivyo anajua mgeni katokea wapi, huna haja ya kumwelezea takwimu. Mwisho wa mwezi namtumia mistari mitatu: kitufe kimebonyezwa mara ngapi, nimebadilisha nini, domeni inaisha lini. Malalamiko ya matunzo yamepungua sana tangu nianze hivyo.

Halafu kuna picha. Nenda kafungue tovuti nyingi za hapa kwetu kwa simu ya bei rahisi na bando la kuunga unga, uone. Picha imetoka kwenye simu ikiwa MB nne, imepandishwa hivyohivyo, na ziko kumi na mbili kwenye ukurasa mmoja. Mgeni anaona duara linazunguka, anaondoka. Punguza upana hadi pikseli 1,200, hifadhi kwa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), picha ishuke chini ya KB 150. Ongeza loading="lazy" kwa zile za chini ya ukurasa, zisubiri mpaka mtu azifikie. Kazi ya nusu saa. Ifanye mbele ya mteja, kwa simu yake, akiwa anaangalia. Baada ya hapo hazungumzi tena habari ya elfu hamsini.

---

BintiMakorora

Shikamooni. Mimi niko chuo, najifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Nilitaka kutengeneza kikokotoo cha akiba ili nifanyie mazoezi: unaanza na elfu hamsini, kila mwezi unaongeza elfu tano. Nimechukua hizo namba kwa sababu ndizo kiwango cha chini cha Mfuko wa Hatifungani wa UTT. Nimeweka riba sifuri kwanza nipime. Mwezi wa kwanza tu kinaniambia nina 500,005,000. Milioni mia tano! Nimekitazama mpaka macho yanauma. Msimbo wenyewe:

let salio = document.getElementById("mwanzo").value;
let mchango = document.getElementById("mchango").value;
salio = salio * (1 + riba / 100 / 12) + mchango;

---

samaki_deepsea

Binti usirekebishe kitu, niuzie hicho kikokotoo.

---

Mgosi_wa_Chumbageni

@BintiMakorora marahaba mwanangu. Kitu chochote kinachotoka kwenye kisanduku cha fomu kinakuja kama maandishi, hata kama wewe unakiona ni namba. Alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi haijumlishi, inabandika. Kwa hiyo 50000 imebandikwa 5000 mgongoni, ikawa 500005000. Kuzidisha kwenyewe hakuna tabia hiyo, kunageuza kuwa namba kimyakimya, ndiyo maana kosa lilijificha. Andika hivi:

let salio = Number(document.getElementById("mwanzo").value);
let mchango = Number(document.getElementById("mchango").value);
for (let mwezi = 1; mwezi <= 60; mwezi++) {
  salio = salio * (1 + riba / 100 / 12) + mchango;
}

Kisha mwishoni Math.round ili kuondoa desimali, na toLocaleString ili mikato ya maelfu itokee. Na kanuni moja ya kudumu: hela ihifadhi kwa shilingi kamili. Kompyuta ukiiambia 0.1 + 0.2 inakujibu 0.30000000000000004. Kwenye kikokotoo cha mazoezi utacheka, kwenye mfumo wa ada za shule utaitwa ofisini.

Sasa jaza riba 12, kwa mfano tu, halafu utuambie baada ya miaka mitano unapata ngapi.

---

BintiMakorora

Imefanya kazi! 499,183. Yaani kutoka milioni mia tano mpaka laki tano kasoro 😂. Na mimi mwenyewe nitakuwa nimeweka 350,000.

---

Mgosi_wa_Chumbageni

Sawasawa. Hiyo tofauti, kama laki moja na nusu, ndiyo kazi ya muda. Badilisha mchango uwe elfu hamsini na mwanzo uwe sifuri: miaka mitano inatoka 4,083,483 wakati umeweka milioni tatu. Sasa badilisha 60 iwe 120. Inatoka milioni 11.5 wakati umeweka sita. Miaka mitano ya kwanza imezaa milioni moja na ushee, miaka kumi imezaa tano na nusu. Mtu akiona hilo kwenye kikokotoo alichokitengeneza mwenyewe anaelewa kuliko semina.

Ila angalia: 12 nimeitumia kwa mfano. Mfuko hauahidi. Na ukisoma faida yoyote toa kwanza mfumuko wa bei, ambao mwaka 2024 ulikuwa kama asilimia tatu.

Sasa mifuko yenyewe. UTT AMIS, kampuni inayoiendesha, ni ya serikali, Mfuko wa Umoja ulianza 2005. Unachonunua kinaitwa kipande, na bei ya kipande inabadilika kila siku ya kazi kulingana na thamani ya mali zilizomo. Umoja una hisa ndani yake, kwa hiyo unaweza kupanda na kushuka. Mfuko wa Ukwasi unawekwa kwenye vitu vya riba kama amana za benki na dhamana za serikali, umetulia, na hela yako ukiiomba inarudi ndani ya siku chache za kazi. Kuanza ni laki moja, kuongeza elfu kumi. Hatifungani ndio huo wa Binti, elfu hamsini na elfu tano.

Kwa sisi wa hela ya mafungu, kituo cha kwanza ni Ukwasi. Miezi mitatu ya matumizi yako ikae pale. Ukipata kazi kubwa, unamwaga. Mwezi mkavu, unachota unachohitaji. Wengi wanaruka hatua hii wanakimbilia hisa, halafu mwezi mkavu ukija wanauza hisa kwa bei yoyote iliyopo.

---

mama_vikoba

Nami nichangie, mimi si mtu wa kompyuta. Hapa Ngamiani tuna kikundi chetu, tunanunua hisa za kikundi kila wiki, tunakopeshana, mwisho wa mwaka tunagawana. Sijaona mahali hapo juu mmekitaja kikoba. Huyo mfuko atakukopesha siku mtoto anaumwa? Atakuja msibani?

---

Mgosi_wa_Chumbageni

@mama_vikoba shikamoo mama. Umenipiga palepale. Hapana, mfuko hauji msibani. Kikoba kina kitu ambacho UTT haina: watu wanaokujua na mkopo wa haraka usiokudhalilisha. Sikushauri mtu atoke. Tatizo langu ni moja tu, kikoba kikivunjwa Desemba, hela yote inageuka sikukuu na ada za Januari. Baadhi ya vikundi sasa fungu ambalo halijakopwa wanaliweka kwenye mifuko hiyohiyo kwa jina la kikundi, linazaa badala ya kulala kwenye sanduku la funguo tatu. Lipendekezeni kikaoni.

---

mama_vikoba

Marahaba baba. Hilo la sanduku nimelisikia, nitawapelekea. Na nyie vijana acheni kukopa kwenye hizo programu za simu. Mwanangu wamemtangazia deni kwa namba zote zilizo kwenye simu yake, mpaka mimi nimepigiwa.

---

hesabu_kichwani

Mama kagusa penyewe. Nitatoa hesabu ya mkopo wa kausha damu kwa sababu watu wanadanganywa na jinsi inavyotamkwa. Unapewa laki moja, unarudisha elfu nne kila siku kwa siku 30. Jumla laki moja na ishirini. Wakala anakwambia riba ni asilimia 20. Sasa fikiria: siku ya kumi na tano umesharudisha elfu sitini, laki hunayo tena mkononi. Kwa wastani umekaa na nusu tu ya hela kwa mwezi mzima, lakini umelipia riba ya laki nzima. Riba halisi inakaribia mara mbili ya ile uliyotajiwa, na ni kwa mwezi mmoja.

Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kabla ya kupakua yoyote angalia kama mtoaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya BoT. Na programu inayoomba ruhusa ya kusoma namba zako zote za simu ili ikukopeshe elfu thelathini, jiulize namba hizo ni za nini. Mafundi tovuti nanyi mnahusika: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Fomu ya mteja wako isidai tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA kwa mtu anayetaka kuulizia bei ya chumba.

---

Mjomba_Pangani

Habari za jioni. Mimi nina vyumba vya wageni huku Pangani. Kijana mmoja alinitengenezea tovuti, nzuri tu, bei akaandika kwa dola kwa sababu wageni wengi ni wazungu. Sasa naambiwa ni kosa. Na shida kubwa zaidi, domeni inakaribia kuisha na kijana simu yake haipatikani. Nifanyeje?

---

Mgosi_wa_Chumbageni

@Mjomba_Pangani pole mjomba. La dola ni kweli. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zimekataza kutangaza na kudai bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Badilisha iwe shilingi. Mgeni atajibadilishia mwenyewe kwa simu yake.

La domeni ndilo zito. Ingia kwenye huduma ya whois ya domeni za .tz uandike jina la tovuti yako, uone imesajiliwa kwa jina gani, kupitia msajili gani na inaisha lini. Kama jina la mmiliki ni lako au la biashara yako, umepona: nenda kwa msajili huyo na leseni ya biashara na kitambulisho, omba barua pepe ya usimamizi ibadilishwe. Kama ni jina la kijana, anza mapema, kabla haijaisha, mpelekee msajili ushahidi kwamba jina ni la biashara yako. Ikisha kuisha na mtu mwingine akaichukua, kesi inakuwa nyingine kabisa. Wakati unahangaika, mwombe fundi yeyote akunakilie kurasa na picha zako zote.

Nyie vijana mnaosoma: sajilini domeni kwa jina la mteja na barua pepe ya mteja, siku ya kwanza, yeye akiwa amekaa pembeni. Kuna wanaoshikilia domeni makusudi ili mteja asiwakimbie. Huo si mkataba wa matunzo, ni utekaji.

---

Kange_Stendi

Umesema vizuri. Haya, hisa. Mimi ni mtu wa Pongwe, naamka na king'ora cha kiwanda. Ninunue Simba, yaani hisa za Tanga Cement?

---

Mgosi_wa_Chumbageni

Nilijua swali hili litakuja kutoka Pongwe 😂.

Tanga Cement iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) mwaka 2002. Lakini wewe kuuona moshi kila asubuhi hakukuambii kama hisa yake ni rahisi au ghali. Tazama yaliyotokea karibuni: mwaka 2023 AfriSam, mmiliki mkubwa wa wakati huo, iliuza zaidi ya theluthi mbili ya kampuni kwa Scancem, ambao ni watu wa Heidelberg, wenye saruji ya Twiga pia, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya fungu hilo ikaenda kwa kampuni ya Amsons. Ukiwa na hisa ishirini unakuwa abiria kwenye gari ambalo dereva anabadilishwa bila wewe kuulizwa. Huenda linafika, huenda halifiki. Soma taarifa zao za fedha kwanza, zipo wazi kwenye tovuti ya DSE: wanatoa gawio (sehemu ya faida kwa wenye hisa)? Deni ni kiasi gani? Kuishi jirani na kampuni kuna hatari nyingine ambayo watu hawaihesabu. Kama wateja wako wa tovuti ni mama ntilie, madereva na maduka yanayotegemea kiwanda hichohicho, siku kikitetereka unapoteza kazi na hisa kwa pamoja.

Utaratibu ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Unafungua akaunti ya CDS (ya kuhifadhia hisa zako) kupitia dalali wa soko la hisa au kwa programu ya DSE ya Hisa Kiganjani. Ukinunua kuna makato ya kama asilimia mbili hivi kwa miamala midogo, na ukiuza vilevile, kwa hiyo kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa ni kumfanyia dalali kazi. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa linakatwa kodi ya zuio asilimia tano.

Na bei inashuka, tusifichane. Vodacom iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na kwa miaka mingi baadaye ziliuzwa chini ya hapo. CRDB iliuzwa 150 mwaka 2009 na leo iko juu mbali. Wote wawili walikuwa na mabango mazuri siku ya kwanza.

---

hesabu_kichwani

Niongezee hatifungani za serikali, maana watu huzisahau. Unaanzia milioni moja, muda ni miaka miwili hadi 25, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2021 ya miaka 25 ilikuja na riba ya 15.95, mwaka uliofuata za mpya zikashushwa hadi 12.56. Aliyeingia 2021 anaendelea kulipwa 15.95 mpaka 2046. Riba ya hatifungani hufungwa siku inapotolewa, na ndiyo sababu fundi mwenye hela ya mafungu anaipenda: mara mbili kwa mwaka kuna tarehe.

Na yetu ya nyumbani je? Tanga UWASA mwaka 2024 walitoa hatifungani ya kijani (ya miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, miaka kumi, riba asilimia 13.5, ikaorodheshwa DSE. Mamlaka ya maji, si benki. Maji tunayokoga.

---

samaki_deepsea

Kumbe bili ya maji ninayolipa inamlipa mtu riba. Na mimi nataka niwe huyo mtu.

---

hesabu_kichwani

@samaki_deepsea unaweza. Iliyokwisha kutolewa unainunua kwa aliyenayo kupitia dalali, kwenye soko la pili, na bei inaweza kuwa juu au chini ya ile ya awali. Ila kumbuka kuuza kabla ya muda kunategemea kupatikana mnunuzi. Usiweke humo hela ya kodi ya nyumba.

---

fursa_tz_2

Habari ndugu zangu. Mnachelewa na asilimia 12 kwa MWAKA. Kuna jukwaa linatoa asilimia 3 kwa SIKU, kazi yako ni kuangalia matangazo tu, ukialika watu watano unapanda ngazi. Njoo inboksi.

---

Kange_Stendi

Huyo ashachelewa, mwenye uzi yuko macho.

---

hesabu_kichwani

Binti, mwekee huyu ndugu hesabu yake kwenye kikokotoo. Asilimia tatu kwa siku, elfu hamsini, siku 365, faida ikirudishwa ndani.

---

BintiMakorora

Nimebadilisha mwezi uwe siku. Inatoka zaidi ya shilingi bilioni mbili. Nimeangalia mara mbili, Number nimeweka 🙈

---

Mgosi_wa_Chumbageni

Safari hii msimbo hauna kosa, kosa liko kwenye tangazo. Wakubwa mnaikumbuka DECI ya 2009, ule upatu ambao watu walipanda mbegu wakangoja kuvuna. Zilizofuata zimebadilisha nguo tu, leo ni tovuti yenye picha za majengo ya London na namba ya WhatsApp. Anayekusanya hela za umma kuziwekeza lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mwombe namba ya leseni, uone atakavyokublok.

Nanyi mafundi: mtaletewa kazi ya kutengeneza tovuti za namna hii, na zinalipa vizuri, hela taslimu, hakuna kupatana bei. Kataeni. Jina lako likikutwa kwenye usajili wa domeni, polisi wa makosa ya mtandao wanaanzia kwako.

---

BintiMakorora

Swali la mwisho kwangu. Nimepata mteja wa kwanza, duka la vipuri vya baiskeli barabara ya 12. Anataka ukurasa mmoja, tumekubaliana laki mbili na nusu. Nimpangieje malipo, na hiyo hela niigaweje? Na TRA je?

---

Mgosi_wa_Chumbageni

Hongera sana. Duka la baiskeli Tanga, umepata mteja asiyeisha.

Nusu aweke kabla hujafungua laptopu, nusu siku ya kukabidhi, kabla hujampa nywila zote. Andikeni kwenye karatasi marekebisho ni mara ngapi, maana wenye maduka wakipenda rangi nyekundu Jumatatu, Alhamisi wanataka kijani. Kwa ukurasa mmoja usihangaike na WordPress, HTML na CSS zinatosha, uweke kwenye Cloudflare Pages bure, ulipie domeni tu. Cheti cha usalama kinakuja humohumo. Picha za vipuri piga mwenyewe, mchana, nje ya duka, juu ya kitambaa kimoja. Bei usiziandike kwenye picha, ziandike kama maandishi ili ubadilishe bila kupiga upya.

Hela: toa ya domeni kwanza, na ya mwaka wa pili uitoe sasa hivi. Toa nauli na bando. Kama una deni la programu ya simu, limalize lote leo kabla ya kitu kingine, hakuna mfuko wa halali utakaokulipa zaidi ya riba unayokatwa. Kinachobaki, laki moja ifungulie Ukwasi, kingine kula, umefanya kazi. Kisha mwombe matunzo, hata elfu kumi na tano kwa mwezi, na hiyo elfu kumi na tano iende yote kwenye vipande bila kupita mfukoni.

TRA: TIN ni bure, ichukue. Usijiweke mwenyewe kwenye makadirio ya wenye maduka, huduma za kitaalamu zina utaratibu wake, kaulize dirishani. Siku ukipata mteja ambaye ni kampuni au shule atakukata asilimia tano ya kodi ya zuio. Mdai cheti chake, kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

---

BintiMakorora

Asante sana. Kesho saa nne naenda dukani kwake na makubaliano. Na kikokotoo nikikimaliza nakiweka wazi hapa, mtu achukue msimbo.

---

Mjomba_Pangani

Nimepata majibu ya whois. Jina ni langu, barua pepe ndiyo ya kijana. Msajili kanitaka nipeleke leseni na kitambulisho. Binti, ukimaliza na mwenye baiskeli unipigie hesabu ya matunzo ya tovuti yangu, bei ziwe za shilingi.